Bi Salome na Mtihani wa Kuomba kwa Jirani

Ukitaka kumuudhi Bi Salome Hiribae, mwambie umisheni ni kubeba spika uende mbali. Mama huyu Mpokomo alikuwa fundi cherehani hapa Wajir, mjane wa askari, na nusu ya kanzu za wanafunzi wa madrasa zilipita mikononi mwake. Kila Jumapili baada ya ibada alitufundisha umisheni sisi waumini, walimu na makarani tuliotoka bara.

Nilikwenda na daftari jipya, nikitarajia mistari ya kuhubiria. Lo! Wiki nne nzima tulijifunza kusalimiana kwa Kisomali. Ukitamka "nabad" kwa haraka kama mtu anayefukuzwa, anakurudisha mlangoni uanze upya. Mkuu wa shule alirudishwa mara tatu, nasi tukacheka hadi machozi.

Kisha ukaja mtihani. "Kila mtu akaombe kitu kwa jirani yake Mwislamu," alisema. "Si kupeleka. Kuomba. Mmezoea kutoa, mkadhani nyinyi ndio wenye nacho."

Wenzangu wakaenda. Huyu aliazima kinu, yule ngazi, wakarudi wamejaa chai ya maziwa ya ngamia. Mimi nikagoma. Jirani yangu alikuwa Kulow, mfugaji, na hatukuwa tumesalimiana tangu Krismasi ya 1992, karibu miaka miwili. Mwaka ule nilikuwa mgeni mjini. Nilichinja mbuzi, nikampelekea Kulow sufuria nzima ya nyama. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Kesho yake nikawaona paka wakiila nyuma ya nyumba yake. Dharau gani hiyo!

Bi Salome alinisikiliza, mkasi mkononi. "Mbuzi huyo alichinjwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Ehe! Umempelekea Mwislamu nyama asiyoweza kuila, halafu wewe ndiye unayenuna?"

"Mama, nilijua hawali nguruwe. Nilidhani ni hiyo tu."

"Basi mwombe Kulow akuchinjie mbuzi wa Krismasi hii. La sivyo, Musyimi, utazeekea darasani kwangu."

Nilikasirika, nikala wali wangu kwa hasira siku tatu. Lakini mama yule alikuwa amesema kweli, na kweli haikuachi ulale. Nikaenda. Kulow akinifungia mlango, nilijua sitaweza tena kuishi mtaa ule.

Alinisikiliza, akaingia ndani. Nikasema basi, yamekwisha. Mara akatoka na kisu.

Alichinja, mkewe Shamso akapika mekoni kwake, tukazunguka sinia moja. Hapo nikajikaza, nikamwomba radhi kwa ile nyama ya kwanza.

Kulow akaweka tonge chini. "Jirani, mwaka ile ng'ombe yangu yote ilikufa kwa ukame. Ndani hakuna kitu. Watoto inasikia harufu, inalia. Mimi nasema hapana, haram. Ililala njaa, wallahi. Asubuhi ndiyo nikamwaga."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe umeleta na roho safi. Nitakwambiaje?"

Nilimkimbilia Bi Salome nikitaka anifariji, wapi! Mama yule hakuwa na pole za bure, na ndiyo maana nampenda hadi leo. Jumapili iliyofuata alinitia chaki mkononi, akaenda kuketi kwenye benchi la wanafunzi.

"Leo unafundisha wewe," akasema.

Nikasimama mbele ya waumini. Nikawaambia kwamba watoto wa jirani yangu walilala njaa, nami nikamnyima baba yao salamu miaka miwili. Bi Salome akainua mkono kama mwanafunzi yeyote.

"Mwalimu, watoto hao wanaitwa nani?"

Sikujua hata mmoja. Nikaweka chaki mezani, nikatoka kwenda kuuliza, na darasa zima likakaa kuningoja.