Paka Aliyeambukizwa na Watu Wake

Siku yangu ya kwanza kazini niliumwa na paka. Hata chai sikuwa nimekunywa. Bwana Kilonzo, Afisa wa Mifugo aliyenichukua pale Voi, alinipa paka jike anaitwa Malkia, wa mwalimu Righa, akaniambia nimshike ngozi ya shingo na miguu ya nyuma. Mimi nikashika ya mbele. Malkia akanitafuna kidole gumba. Bwana Kilonzo aliniosha kwa sabuni na maji ya mfereji mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akacheka. "Haya Wakesho, sasa umeandikwa kazi."

Kazi yenyewe kwenye karatasi iliitwa msaidizi. Watu walituita washika wanyama. Nilifagia, nilichemsha sindano, maana zilikuwa za chuma na kioo wakati huo, hazikutupwa, na nilimshika mnyama daktari akimtibu. Shule niliachia darasa la tatu huko kwetu Werugha, lakini kichwa Mungu alinipa. Jina nikilisikia limekaa, la mtu au la ng'ombe. Bwana Kilonzo alipogundua hivyo akaniongezea kazi ya kuchukua historia. Historia kwa watu wa mifugo si mambo ya wafalme. Ni kumuuliza mwenye mnyama: alianza lini, alikula nini, na pale nyumbani nani aliugua kwanza. Mnyama hawezi kusema, kwa hivyo unamsemea.

Nilikosea mara moja. Tulikuwa Werugha, ng'ombe wa maziwa wana vidonda vya midomo na kwato, na wenye ng'ombe wamejaa kando ya krashi, ile njia nyembamba ya mbao ambayo ng'ombe anabanwa asitoroke sindano. Nikapaza sauti, "Ng'ombe wa Mwakio ndiye alianza!" Wee! Majirani walimgeukia Mwakio kama ameiba. Bwana Kilonzo alinivuta kando.

"Wakesho, nani aliugua kwanza, uniambie mimi peke yangu. Tunauliza tujue pa kuanzia kutibu. Sisi si polisi."

Huyo mzee alishafariki, lakini kwa maneno hayo bado namshukuru.

Baadaye nilipelekwa Chala, chini ya Daktari Mwadime, mtu mkali wa sauti ndogo. Huko tulikuwa karibu na mpaka wa Tanzania, na ng'ombe mgeni alitengwa kwanza tumwangalie kabla ya kuchanganywa na wengine. Karantini. Ndiyo maana korona ilipokuja na watu wakashangaa kufungiwa nyumbani, mimi neno hilo nilikuwa nalijua tangu zamani, kwa ng'ombe.

Korona ilinikuta nimerudi Voi, nimebakisha miezi michache nistaafu. Mkubwa wangu sasa alikuwa Daktari Mkamburi, msichana ningeweza kumzaa. Wakati huo kila mtu alikuwa anaogopa kila kitu. Tulihamisha mabenchi nje, tukayaweka mbalimbali.

Asubuhi moja akaja Faraj, dereva wa lori, amebeba gunia linalocheza. Nyuma yake mamake, Bi Zuhura, anahema ndani ya barakoa. Ndani ya gunia mlikuwa na paka wao. Anaitwa Karani, kwa sababu alizoea kukaa mlangoni akikagua kila anayeingia.

"Mpigeni sindano," Faraj akasema. "Ile ya kulala moja kwa moja."

"Nipigeni mimi kwanza!" Bi Zuhura akajibu. "Paka wangu hafi na mimi nipo."

"Mama, Mariamu ni mjamzito wa miezi saba. Mtaa mzima unasema huyu ndiye ametuletea korona. Si anazunguka kila jikoni? Mnataka nimzike mke wangu kwa sababu ya paka?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mariamu tulimjua. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika.

Daktari alivaa glavu, mimi nikamshika Karani, safari hii miguu ya nyuma. Macho yalitoa maji, na alipiga chafya mfululizo. Daktari akamwekea kipima joto, na cha paka hakikai kwapani, kinaingia nyuma. Karani akatukana kwa lugha yake. Joto lilikuwa juu kidogo.

"Mama Wakesho," Daktari akasema, "chukua historia."

Nikawakalisha mbalimbali, nikauliza pole pole. Faraj alirudi safari akikohoa tangu mji wa Maungu. Alipimwa, akaambiwa akae chumbani peke yake. Mamake alimwekea chakula mlangoni.

"Alikula vizuri?"

"Wapi! Samaki aliacha nusu."

"Na hiyo nusu?"

Bi Zuhura alitazama mikono yake. "Nikampa Karani. Riziki ya Mungu niimwage, shoga yangu?"

"Na Karani aliingia chumbani?"

Faraj ndiye alijibu, bila ile sauti ya kwanza. "Alipita dirishani. Alilala hapa kifuani. Siku kumi, nyanya, sikuona mtu."

"Chafya zake zilianza lini?"

"Mimi nikiwa nimeanza kupata nafuu."

Basi mfuatano wote nikawa nao kichwani: Faraj kwanza, Karani baadaye. Ulimi uliniwasha, lakini nilikumbuka ng'ombe wa Mwakio. Nilimfuata Daktari ndani, nikamwambia yeye peke yake.

Alitoka, akasimama mbele yao. "Kipimo cha korona cha paka hapa hatuna, siwezi kuapa. Lakini kama anayo, aliipata nyumbani kwenu, kwa watu. Nchi nyingine imeonekana, mgonjwa anampa paka wake au mbwa wake. Wengi wanapona wenyewe. Paka kumpa mtu si rahisi, lakini kwa sababu ya Mariamu hatutajaribu."

Akawaeleza. Karani akae stoo ya nyuma wiki mbili, Mariamu asiifikie. Awe na sahani yake. Asibusiwe. Anayemlisha avae barakoa na anawe mikono. Na asioshwe kwa sanitaiza wala dawa ya choo, maana kuna watu walikuwa wanafanya hivyo na kuwachoma wanyama wao.

"Mimi nitamlisha," Bi Zuhura akasema.

"Hapana, Bi Zuhura. Wewe umri umeenda. Namtaka aliyeugua akapona."

Tukageuka sote. Faraj alikuwa bado ameshika gunia, limebaki tupu.

"Mimi?"

"Yeye alikuuguza siku kumi," mamake akamwambia. "Nawe muuguze."

Faraj alivua shati la juu, akamfunika Karani, akambeba mikononi. Tangu siku hiyo alipiga simu kila asubuhi. "Nyanya, leo amekula dagaa watatu." "Nyanya, kamasi limekauka." Daktari akasema huyo sasa ni muuguzi kamili, ila mshahara hana. Karani alipona, na Mariamu alijifungua salama, mtoto wa kike, Amina. Sijui kama nimewahi kushukuru kwa jina jipya namna ile.

Nilistaafu bila sherehe, mikusanyiko ilikuwa imekatazwa. Tulisimama uani watu wanne, tukanywa soda, Daktari akalia ndani ya barakoa yake mpaka ikalowa.

Miezi miwili baadaye korona ikanipata mimi. Nina mbwa anaitwa Tajiri, amezoea kulala chini ya kitanda changu. Nilimwambia mjukuu wangu Mghoi amtoe, amlishe yeye, na makombo yangu yafukiwe. Tajiri alilia mlangoni usiku na mchana. Nilimsikia, na sikufungua.

Nilipopona nikatoka, nikamwita. Alinitazama, akanipa mgongo, akaenda kulala kwa jirani. Alininunia siku tatu nzima. Nami nilikaa kwenye kigoda changu juani nikimwangalia, pua yake imelowa vizuri, hana chafya hata moja, nikasema asante Mungu, kununiwa na mbwa mzima ni raha.