Ubani wa Kumsakia Mbweha

Idi pili ya mwaka huu, tukitoka kula shuwa, nyama ya kuokwa shimoni, kwa jamaa, tulimpita mbweha kagongwa na gari pale Ansab, mtaa niliokulia. Mwanangu akauliza, "Mama, mbwa wa nani huyu?" Nikamwambia, huyo mbweha. Mie skuli sikufika mbali, na haya nnayoandika sina hakika kama nayakumbuka sawasawa, lakini tangu siku ile hayanitoki.

Zamani Ansab yetu ilikuwa majabali na nyumba chache. Idi pili, nyama ikishafukuliwa shimoni na mtaa mzima unanukia, wanaume walikwenda kumsaka mbweha anayekula wana wa mbuzi. Ami yangu akisema desturi hiyo wazee walikuja nayo walipovuka bahari kuhamia huku kutoka Unguja, ambako sikukuu walisaka nguruwe. Huenda. Wako waliosema si dini, na nisiwaonee, walikuwa na hoja zao.

Bibi ndiye aliyewabariki. Akitia ubani kwenye chetezo, akikizungusha juu ya vichwa vyao na magongo yao, huku anasoma dua. Mbwa wao wa kusakia walibaki nje ya mlango, wakipata moshi ule uliochukuliwa na upepo tu. Kisha maneno yale yale kila mwaka: "Mkamateni mwenye kosa. Anayenyonyesha mwacheni."

Mbuzi wenyewe walikuwa wa jirani yetu, mjane, shoga yake bibi tangu Unguja. Kila asubuhi walikunywa kahawa pamoja kwetu, jirani akitania:

"Shoga, kahawa gani hii, maji ya kuoshea vikombe!"

"Basi mbona umemaliza birika?"

Mwaka mmoja ami akarudi na mbweha begani. Bibi akamgeuza pale chini, akaona chuchu zimejaa maziwa. Ami akaapa hakumwona vizuri, na mie namsadiki, jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya jabali. Bibi hakumgombeza. Aliyamwaga makaa ya chetezo mchangani, akaingia ndani.

Asubuhi akachukua bakuli la maziwa, akapanda jabalini kuwatafuta watoto wa mbweha. Jirani akamwona.

"Bi mkubwa, unawalea waje kunimalizia mbuzi?"

"Mama yao kauliwa kwa dua yangu."

"Na wanangu mie wale nini? Dua yako?"

Nimewaza miaka mingi nani alikuwa na haki. Jirani alisomesha watoto kwa mbuzi wale. Bibi naye alikuwa akiamka usiku kuomba maghfira. Siwezi kuamua. Kahawa ilikoma. Idi iliyofuata bibi alijifungia chumbani, wanaume wakaenda bila ubani, wakarudi mapema, na hawakwenda tena.

Bibi alipofariki, jirani aliomba amwoshe yeye. Tulisimama nje ya mlango tukamsikia anamsemesha, kwa sauti ya chini, mfululizo, mpaka maji yakamalizika. Sasa naye hayupo, mbuzi hakuna, jabali limekatwa pakajengwa majumba. Aliyomwambia mle ndani sikuyapata hata neno, na wa kumwuliza hajabaki.