Fremu Nyekundu za Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa kuunda baiskeli mjini Thika, na alikuwa mkaidi. Nayasema yote mawili kwa pumzi moja kwa sababu sikuwahi kuyaona yametengana. Kazi ile aliisomea jeshini, kwenye karakana, wakati wa vile vita vikubwa. Wenzake walirudi na hadithi. Yeye alirudi na koti zito na ujuzi wa kuunganisha mabomba kwa shaba.

Kila pembe ya fremu aliichomeka ndani ya soketi ya chuma, kishikio kinachokumbatia mabomba, akawasha makaa, akavuta mvukuto, kisha akayeyusha shaba mpaka ikanywewa ndani ya kiungo kama mchuzi unavyonywewa na ugali. Baada ya hapo alikaa chini na tupa akilainisha, siku nzima kwa fremu moja, halafu akaigonga kwa spana na kutega sikio. Kama mlio haukumpendeza, aliirudisha motoni hata kama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akiingoja. Alinieleza mara nyingi, hata nilipokuwa sitaki kuelezwa, kwamba shaba haikiumizi chuma. Bomba likipinda miaka mingi baadaye, unapasha kiungo moto, unalichomoa, unatia lingine, na baiskeli inaendelea na maisha yake.

Wateja walimjua kwa hilo. Manyapara wa mashamba ya kahawa kule Ruiru, makarani, wabeba maziwa, na wale wa kutoka magharibi waliofanya kazi kwenye mkonge na viwandani, waliotaka kitu cha kupakia kwenye treni wakati wa kwenda kwao. Walingoja kwa mwezi na zaidi. Walilalamika, lakini walingoja.

Halafu Emajensi ikaja, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Wateja wengine walichukuliwa kwenye malori, na waliobaki hawakuweza kwenda popote bila pasi. Mtu asiyeruhusiwa kuvuka mto anunue baiskeli ya nini? Miaka ile tulikula kile nilichopanda nyuma ya nyumba, na fundi wangu akawa wa kuziba pancha. Nilidhani hiyo ndiyo ilikuwa shida yetu kubwa. Nilijidanganya.

Mambo yalipolegea, watu walirudi barabarani, lakini walirudi bila kitu. Na kule Ruiru palikuwa pametokea kijana mwenye mtungi wa gesi. Yeye hakuwa na soketi wala shaba. Alikata bomba, akalikutanisha na bomba lingine, akachomelea pale pale, na kabla chai yako haijapoa fremu ilikuwa imesimama. Aliuza nusu ya bei yetu. Viungo vyake vilikuwa na vinundu kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki, lakini baiskeli ilikwenda.

Nilimwambia mume wangu naye achomelee. Nilimwambia asubuhi, nikamwambia tena akila.

"Mama watoto," alisema, "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Basi zako zimekaa hapo ukutani tangu mvua ianze. Ziambie zijiuze."

Alisema bomba la bei ile ni laini, na kwamba ukilichomelea bila soketi kuliunga mkono, shingo ndiyo inayokatika kwanza, hapo mbele chini ya usukani, na shingo ikikatika mtu anaanguka kwa uso. Nilimuuliza kama maskini hana haki ya kupanda baiskeli mpaka awe nyapara. Mpaka leo naamini nilisema kweli, na sitaomba radhi kwa yeyote. Mtu anayeamka alfajiri kutembea kutoka Mugutha mpaka kiwandani Thika hahitaji shaba, anahitaji magurudumu mawili.

Akakubali, lakini kwa njia yake. Angetengeneza za aina mbili. Zile za shaba zingebaki nyeusi kama zamani. Za kuchomelewa angezipaka nyekundu, nyekundu ya kuonekana kutoka ng'ambo ya mto, ili mtu yeyote atakayeikodi, kuiazima au kuinunua mkononi kwa mtu ajue ni ipi. Na kila aliyenunua nyekundu alisimamishwa na kupewa mahubiri.

"Hii ni ya kukupeleka kazini na kanisani. Usiweke gunia. Usiweke magome ya kupeleka kiwandani. Bibi yako akipanda nyuma, nenda polepole."

"Sawa, fundi," walisema, huku mguu mmoja tayari uko kwenye pedeli.

Ziliuzika. Niseme ukweli, mwaka ule nilifurahi. Nilinunua sufuria mpya, watoto wakapata sare za shule, na mume wangu akaanza kupiga mluzi akichomelea, ingawa kuchomelea alikuita kushona viatu kwa waya.

Aliyegundua jambo lile alikuwa yeye. Jumapili moja tulitoka kanisani, akasimama pale uani ambapo baiskeli ziliegemezwa kwenye ua, akazitazama mpaka nikamvuta mkono.

"Nimeuza nyekundu nyingi," alisema. "Ziko wapi?"

Zote zilikuwa nyeusi. Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu nilielewa mara moja. Kopo dogo la rangi nyeusi lilipatikana kwa kila duka la Mhindi. Nani angekubali kwenda kwa wakwe na baiskeli inayotangaza njia nzima kwamba alishindwa kununua ile nyingine? Vijana walikuwa wakizipaka jioni ile ile ya kununua. Mume wangu alijua chuma, lakini hakujua watu wake. Alidhani mtu anaogopa kuvunjika shingo kuliko anavyoogopa kuchekwa.

Yeye hakucheka. Alianza kuwaendea nyumbani mmoja mmoja kuwasihi wazirudishie rangi yake. Walimkaribisha uji, wakamwambia, "Tutaangalia, fundi." Hakuna aliyeangalia.

Kisha mbeba magome mmoja wa Gatundu aliazima baiskeli ya jirani yake. Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa ya shaba, imepasuka mpira, na ya jirani ilikuwa nyeusi vilevile, imetoka kwa fundi yule yule. Akaifungia mzigo wa magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, kama alivyozoea kufunga kwenye yake, akaelekea kiwanda cha magome Thika. Kwenye mteremko wa kushukia mto Chania shingo ikakatika. Alianguka kwa uso, sawasawa na alivyosema mume wangu. Hakufa. Lakini taya lilivunjika likaunga vibaya, na mke wake alimpondea chakula kama cha mtoto kwa maisha yake yote.

Tulikwenda kumwona hospitalini. Hakuweza kusema, na mama yake hakutaka kutusalimia.

Ikawa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wiki ile watu walileta baiskeli zao mpaka zikajaa mbele ya karakana. Mume wangu alichukua kisu mbele ya wote, ile iliyovunjika ikiwa chini miguuni pake, akaikwangua rangi nyeusi ili waone nyekundu chini yake, waelewe kwamba hii ilikuwa ya kuchomelewa na mtu ameibadilisha. Ikatokea nyekundu kweli. Akaishika juu kama mtu anayeshika ushahidi.

Mtu mmoja akasema, "Kwa hivyo ulikuwa unapaka hizi mbaya rangi nyeusi, unatuuzia na bei ya zile nzuri."

Mume wangu aliirudisha chini. Nilipiga kelele mimi, nikawaita waongo, nikawatajia kila mmoja siku aliyonunua na rangi aliyotoka nayo pale mlangoni. Hakuna aliyekubali. Aliyekubali angekuwa anakiri mbele ya watu kwamba alipanda ya bei rahisi na kujifanya wa bei ghali. Walichagua kumwita mwizi. Hasira ile ninayo mpaka sasa, sijaipunguza hata kidogo.

Baada ya hapo hatukuuza nyekundu wala nyeusi. Fremu tatu nzuri kuliko zote alizowahi kuunda zilining'inia ukutani zikishika vumbi. Aliendelea kuamka mapema, akafungua mlango, akakaa. Nilimwambia twende tukaanze upya Ruiru, au Murang'a. Alisema jina hufika kabla ya mtu.

Ndipo baba yangu alipokuja. Alitoka kwake karibu na Ruiru, akisukuma baiskeli kwa mkono njia yote, mzee wa kanisa mwenye kofia yake. Ilikuwa ile baiskeli ambayo mume wangu alimpelekea wakati wa mahari yangu. Alikuwa ameiunda kwa miezi mingi, na viungo vyake vilikuwa vimelainishwa hivi kwamba hukuona bomba linaishia wapi. Baba alikuwa ameipanda miaka yote ile bila kuirudisha hata mara moja.

Alikunywa chai, akauliza habari za watoto, kisha akasema kwa upole sana:

"Mwanangu, nimesikia maneno ya watu. Mimi siamini. Lakini yule kijana wa Ruiru anasema shaba ni kitu ya bangili, haiwezi kushika mtu. Nikasema sitampelekea yeye, usije ukaaibika. Nichomelee wewe mwenyewe, hapa na hapa na hapa, nikae nikijua iko na nguvu."

Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa hata nilipokuwa sitaki kuambiwa. Ukichomelea juu ya shaba, shaba inakimbia, chuma kinapasuka ndani kwa ndani, na kiungo hakiwi tena cha shaba wala cha kuchomelewa. Nikasema, "Baba, ukifanya hivyo utaiharibu. Iko sawa vile ilivyo."

"Fundi ni yeye," baba alisema. "Na yeye hajakataa."

Hangekataa. Kwetu mtu hamkatalii baba wa mke wake, na baba hakuwa amekuja kwa ubaya. Angekuja kwa ubaya tungejua la kufanya. Nilimtazama mume wangu nikimwomba kwa macho aseme neno moja tu, neno alilowaambia watu wote maisha yake yote. Aliinuka akaiegemeza baiskeli ukutani, akafungua mtungi, akawasha.

Nilitoka nje. Nilisikia tu ule mvumo wa gesi. Niliporudi, shaba ilikuwa imedondoka sakafuni matone matone, na kwenye viungo vile palikuwa na vinundu. Alikuwa amechomelea kwa uangalifu, kila mahali alipoonyeshwa.

"Usiibebeshe mzigo, baba," alisema. "Na kwenye mteremko uisukume."

Baba alipapasa vile vinundu kwa kidole gumba, akatabasamu, akatuombea baraka sisi na watoto na kazi ya mikono ya mkwe wake. "Sasa hii ni baiskeli," alisema.

"Asante, baba," mume wangu akamjibu.

Jumatatu alikwenda kusimama na wengine kwenye lango la kiwanda cha mikebe, wakamwandika afagie. Hawakumuuliza alikuwa akifanya kazi gani, naye hakuwaambia.