Kuku Aliyeanzia Miguuni

Nimesoma hadi chuo kikuu, na kwa miaka mingi nimewafundisha wengine kudai ushahidi kabla ya kuamini. Kwa hiyo nikikuambia kwamba jambo hili lilinitokea mchana kweupe, katika mgahawa wa halali nyuma ya jengo la Tianxiu, hapa Guangzhou, China, niamini. Sina ninachopata kwa kukudanganya.

Ilikuwa Jumapili. Mimi na Shomari, mfanyabiashara wa viatu kutoka Dar es Salaam, tulikuwa tumeletewa kuku mzima wa kuchemsha, aliyekatwakatwa na kupangwa upya sahanini kama alivyokuwa. Shomari akatoka kupokea simu. Nilipoinua macho, mama mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha Shomari, ana vijiti vya kulia na bakuli tupu. Akanisalimu kwa Kijapani, lugha niliyokuwa nikijifunza kwa mwaka wa pili.

Sasa niambie: mtu aliyelelewa Tanga afanye nini akimkuta mgeni mezani kwake na bakuli tupu? Nilimkaribisha. Nikachukua kipande cha mguu kwa vijiti vyangu, nikamnyooshea. Naye akakipokea kwa ncha za vijiti vyake.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwalimu wetu wa Kijapani alikuwa ametuonya: Wajapani hawapokezani chakula kwa vijiti kamwe, kwa kuwa hivyo ndivyo ndugu wanavyopokezana mifupa ya marehemu aliyechomwa, kuanzia ya miguu hadi ya kichwa, ili akae wima ndani ya chungu chake.

“Mimi sikuwa na ndugu,” alisema kwa upole. “Mifupa yangu waliizoa kwa koleo. Mwanangu, utafika hadi kichwani?”

Ningeweza kukimbia. Lakini nimwache nusu? Nikaendelea: paja, kiuno, mgongo. Kila kipande kilikuwa kizito kuliko kilichotangulia, na ubaridi ulinipanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Shomari akarudi.

“Msomi! Kuku wetu unampanga mezani kama bidhaa za maduka ya Yide Lu? Mimi nile nini, mchuzi?”

Akashika kiti kile akitaka kukaa, kana kwamba mama hayupo. Nikamzuia kwa mkono wa kushoto.

“Tulia, ndugu yangu. Kimebaki kichwa.”

“Umelogwa wewe!”

Nikakitoa kichwa. Mama akakipokea, akainama kwa heshima, na kiti kikawa kitupu.

Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havina joto hadi leo. Mke wangu hushtuka nikimgusa. Sijuti hata kidogo.

Nawe, ukila kwa vijiti, mwekee mgeni chakula kwenye sahani yake, achukue mwenyewe. Ila ukiwa umeshakosea, naye ameshapokea kipande cha kwanza, jikaze. Usimwache mtu kiunoni.