Pembe za Zuhura

Nimemcheka Wubshet tangu siku aliponunua ile lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima. Ni jirani yangu hapa Debre Birhan, mpiga picha wa harusi na vitambulisho, mtu mpole asiyejua hata kugomba. Lenzi alisema ni ya ndege. Ndege akawapiga wawili watatu, kisha akaielekeza juu kwenye sayari, na akili yake ikahamia huko moja kwa moja. Mkewe aliniambia, "Angekuwa na hawara ningejua pa kumfuata."

Mwezi huo Zuhura, ile nyota ya jioni, ilikuwa ikishuka magharibi, kila jioni chini kuliko jana. Wubshet akamwambia mama yake, Emama Yeshimebet, kwamba nyota ile sasa ina pembe kama mwezi mwandamo.

"Nimeitazama miaka themanini," Emama akasema. "Ni duara. Pembe umeziota wewe."

"Nitakuonesha, Emama."

Haraka yake tuliijua. Ukungu ulishalifunga jicho la kushoto la Emama, na la kulia lilikuwa likifuata. Siku chache tu Zuhura ingezama, na pembe zile za jioni zisingerudi mpaka mwaka na nusu upite. Hapo angemwonesha nani?

Uani kwao pana pengo moja tu la kuonea magharibi, kati ya mikaratusi na bati la jirani. Na katika pengo hilohilo, tangu Wubshet hajazaliwa, Emama huketi na jiko lake la makaa kupika kahawa ya jioni. Basi Wubshet akasimika kamera nyuma ya kigoda cha mama, lenzi ikichungulia juu ya jiko, sisi wageni pembeni tukitafuna shayiri ya kukaanga. Kila akipiga, nyota inatoka imevurugika kama mchuzi unaochemka. Jioni ya kwanza akalaumu upepo. Ya pili akalaumu miguu ya kamera, akaining'inizia mfuko wa nafaka ya teff ili itulie.

"Labda Zuhura anaona haya," nikamwambia.

Jioni ya tatu mawingu ya mvua yalishaanza kujikusanya. Nikamwona Wubshet akitazama kioo cha kamera, kisha makaa, kisha mama yake. Akaketi. Akapokea kikombe cha kwanza, akapokea cha pili.

"Hupigi?" nikamnong'oneza.

"Ni joto la makaa. Hewa inacheza mbele ya lenzi."

"Si umwambie azime."

"Kabla ya baraka?" Akanitazama kama niliyemtukania mzazi.

Baraka ndicho kikombe cha tatu, na kwa Emama kuzima jiko kabla yake ni sawa na kuwafukuza wageni. Hakuwahi kufanya hivyo, hata siku aliyozikwa mumewe. Lakini mdomo wangu mimi hauna mlango.

"Emama, makaa yako yanamharibia mwanao picha. Anaogopa kukwambia."

Emama akainyanyua jebena, birika lake la udongo, kahawa ya tatu ikiwa imeshaiva ndani, akaimimina yote juu ya makaa. Majivu yakaruka mpaka kwenye sketi yangu.

"Haya, piga," akamwambia mwanawe.

Wubshet akangoja mvuke uishe, akapiga mfululizo mpaka Zuhura ikagusa bati. Akachagua picha moja, akaikuza, akampelekea mama kamera. Emama akalisogeza jicho la kulia mpaka kope zikagusa kioo. Akaifuatisha kwa ukucha, ncha hadi ncha.

"Pembe," akasema.

Akainua uso, akatazama pale penye pengo kwa kitambo.

"Huko juu mimi sioni kitu, mwanangu. Tangu Pasaka huwa nasema tu kwamba naiona."

Wubshet akachuchumaa kando ya kigoda, akamshika goti. Nilitamani kutania, sikuweza, nililia. Tukaondoka bila baraka kwa mara ya kwanza, na Emama akabaki na kamera mapajani, akikitazama kile kioo mpaka betri ikaisha.