Mparachichi Haujikwai

Nakumbuka siku moja ya ukungu, mwanangu. Najua unacheka: ndevu zangu zenyewe za kuokoteza, nakuitaje mwanangu? Vumilia tu. Utu uzima dawa, na mimi dozi yangu nilinyweshwa mapema na bibi yangu, mzaa mama, kule Kitandililo.

Bibi alikuwa ameteleza jioni kwenye ngazi za baraza akienda jikoni. Mkono uliteguka, ukapona. Ila mama akatoa onyo: "Mama, ukianguka tena nakuhamishia kwangu Makambako mjini." Bibi aache kuku wake, maua yake na jiko lake la nje lenye moto? Akaniita mimi, fundi umeme wa ukoo, nimwekee taa nje.

Nikaja kifua mbele na taa za kuzamisha, zile unachimba, unafukia, kinabaki kioo tu. Nyeupe, kali. Shimo la kwanza nikachimba chini ya mparachichi, taa imulike kuanzia shina hadi kileleni. Picha ya kurusha kwenye simu nilishaiona kichwani.

Bibi akaja na fimbo yake. "Mjukuu wangu, hii inamulika nini?"

"Mparachichi, bibi. Utapendeza huo!"

"Enhe. Umeshawahi kujikwaa?"

"Nani?"

"Mparachichi."

Nilicheka mpaka bisibisi ikanidondoka. Yeye hakucheka. "Anayetaka kuhamishwa ni mimi, siyo mparachichi."

Giza lilipoanza kuingia akaniambia niijaribu taa kabla ya kufukia. Nikaiwasha ikiangalia juu. Kwa ukungu ule, mwanga ukawa ukuta mweupe. Ngazi hazionekani, bibi kafunika macho kwa kitenge. Tukajaribu moja ya zile za njano nilizokuwa nazo mkobani, nikaishikilia ubavuni mwa ngazi, imeinama. Ngazi zikajitokeza kama watoto waliosikia chakula tayari.

Nikazima. Bibi akachukua ndoo, akamwaga maji uani, nikadhani nafukuzwa. "Angalia yanakokimbilia. Huko usizike kitu." Maji yakaenda moja kwa moja kwenye shimo langu, yakajaa humo, yakatulia kama wenye nyumba.

Basi zile taa za njano nikazipachika kwenye ngazi zenyewe, moja moja, na moja kona ya jikoni, penye mwinuko, juu ya kokoto. Mama akaja kukagua. Bibi akatoka jikoni jioni na sufuria ya makande, akapanda ngazi bila kugusa ukuta.

Mama akazihesabu taa. "Haya, baki na kuku wako. Ila mparachichi mbona gizani?"

"Umelala," bibi akajibu, akapakua.

Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na pale guu lingekuwa la bibi. Kabla hujachagua taa ya uani, uliza nani anapita, anakanyaga wapi. Chukua iliyozibwa maji yasiingie, uiweke mbali na mkondo wa mvua, mwanga uangalie miguu, siyo macho. Mapambo baadaye. Hata mimi mparachichi nitaumulika siku moja, bibi akiruhusu.

Haya nenda. Mungu akumulikie pale unapokanyaga, ngazi zako zisikusaliti, na wazee wako wazeekee kwao, makande yakiwa ya moto.