Sindano ya Vishimo vya Mapajani

Kwenye duka la dawa mjini Kasulu, kijana mgeni mwenye koti jeupe alikuwa akitafuta wanawake wa kujaribu sindano ya vimeng'enya. Alisema inaondoa vishimo vya mapajani, ugonjwa ambao hatukujua tunaumwa. Akatandika picha mbili kwenye kaunta: paja nono lenye vishimo, na lilelile baada ya sindano, jembamba na laini kama chupa.

Mama mmoja wa kijiji cha Heru Juu, aliyefuata dawa ya minyoo, akaziinamia.

"Mwanangu, huyu alikuwa na afya yake. Ugonjwa ulimshika lini?"

"Mama, kwenye hii ya pili ndipo ametibiwa."

"Pole yake! Na sindano ya kumrudisha alivyokuwa mnayo?"

Kijana akakusanya picha zake. Mimi, niliyekuwa nyuma ya mama huyo nikipapasa paja langu kwa siri, nikaagiza dawa ya mafua.